Bata Aliyeanguka Mbali

Nchini Marekani, anayeanza kuwinda bata bukini majira ya baridi hukuta sheria mbili. Tangu 1991 amekatazwa kutumia marisau ya madini ya risasi, maana huwatia sumu ndege wanaoyameza. Tena ametakiwa ajitahidi kumtafuta kila bata aliyempiga. Sheria ya kwanza askari wa wanyamapori aweza kuikagua mfukoni. Ya pili nani ataikagua? Bata ameanguka mbali thelujini, yu hai bado. Vidole vya mwindaji vimekufa ganzi, na kundi jingine linakuja. Mungu alimruhusu Nuhu kula nyama, lakini hakumruhusu kudharau uhai. Basi amfuate kwanza, amkatishe mateso, ndipo ashukuru kwa chakula. Shukrani isiyotanguliwa na wajibu ni maneno matupu.