Taka ya Mikese na Kinda la Baharini

Mtu wa Mikese aweza kuuliza: “Ndege wa baharini wanihusu nini, mimi niishiye bara, karibu na milima ya Uluguru?” Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika maji. Mvua ikinyesha Mikese, vijito huteremka hadi mto Ngerengere. Ngerengere huingia Ruvu. Na Ruvu humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Chupa ya plastiki iliyotupwa mtaroni yaweza kusafiri njia hiyo hiyo, wala haiozi.

Katika bahari hiyo, kusini-mashariki ya Unguja, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Fungu Kizimkazi, au Latham. Hakina miti wala wakazi. Ndege wa baharini hutaga hapo juu ya ardhi tupu. Membe mmoja, mwenye mgongo mweusi, hutaga yai moja tu kwa uzazi mmoja. Mvuvi alichukuapo, kiota kizima kimekwisha.

Lakini plastiki huua bila mkono wa mtu kuonekana. Ndege huona kipande kinaelea, hudhani ni chakula, akampelekea kinda wake. Tumbo la kinda hujaa, naye hudhoofika kwa njaa. Mwaka 2015 wataalamu walikadiria kwamba katika kila ndege 10 wa baharini duniani, 9 wamekwisha kumeza plastiki.

Torati yamkataza mtu kumtwaa ndege mama pamoja na makinda yake. Bwana wetu naye alifundisha kwamba hata shomoro, auzwaye kwa bei ndogo, hasahauliwi na Mungu. Ikiwa Muumba hamsahau, je, sisi tuna ruhusa gani ya kumlisha sumu?

Tangu tarehe 1 Juni 2019 sheria imekataza mifuko ya plastiki Tanzania Bara. Chupa zingali zimejaa mitaroni. Basi, kila nyumba izikusanye na kuwapa wazinunuao kwa kilo, kabla ya masika kuzichukua. Na baba amwonapo mwanawe akilenga kiota kwa manati, asicheke. Moyo uzoeao kudharau uhai mdogo mlangoni hautauhurumia ule wa mbali usioonekana.

Ndege wa Fungu Kizimkazi hatatushukuru, maana hatujui. Mungu atujua.