Nilimimina Kahawa, Nikanyamaza

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.



Likizo iliyopita nilivuka Malaba kurudi nyumbani Kisauni, Mombasa, nikakuta msiba. Kijana niliyesoma naye madrasa alikuwa amechomwa kisu katika ugomvi wa simu. Usiku ule wazee walikaa barazani, kisomo kikaendelea. Kando, chini ya mwembe, walikaa rafiki zake sita wa maskani. Hawakuwa wakilia. Nilipowapitia na birika la kahawa, nikasikia wakitaja jina la mtu na siku. Nilielewa. Niliwamiminia kahawa, nikarudi kwa wazee, nikafungua juzuu yangu. Kabla ya wiki kwisha tukazika kijana wa pili.

Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu. Ukiniuliza hukumu za kisasi na diya, naweza kukueleza. Usiku ule elimu hiyo haikunifungua mdomo. Nilijiambia hayo ni mambo ya wahuni.

Ndugu zangu, tuitazame Madina. Aws na Khazraj walikuwa wamepigana kwa miaka mingi, na vita vya Bu'ath vilikuwa vimepita miaka michache tu kabla ya Hijra. Wapokezi wa Sira wanasimulia kwamba siku moja walikuwa wamekaa pamoja kwa mapenzi, akatokea mtu wa kuwachochea kwa mashairi ya vita vile. Maneno yakapanda, wakaitana kwenye silaha. Habari zikamfikia Mtume (s.a.w.). Hakungoja maiti ziletwe ili awaswalie. Alitoka mara moja pamoja na Muhajirina, akawafikia kabla damu haijamwagika, akawakumbusha Mwenyezi Mungu alikowatoa. Wakaangua kilio, wakakumbatiana.

Tuzingatie mambo matatu. Kwanza, habari zilimfika mapema, maana aliyesikia hakunyamaza. Pili, alikwenda mwenyewe, na hakwenda peke yake. Tatu, hakuwaita wahuni. Aliwakumbusha kuwa wao ni ndugu.

Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) alituamuru kumsaidia ndugu yetu, awe amedhulumiwa au yeye ndiye dhalimu. Maswahaba wakauliza, dhalimu anasaidiwaje? Akawafundisha kwamba msaada wake ni kuzuiwa asidhulumu. Basi wale sita chini ya mwembe walikuwa na haki juu yangu. Haki yao ilikuwa kuzuiwa, na mimi niliwapa kahawa.

Wapo wasiokuwa Waislamu walioifanya kazi hii kwa utaratibu, na hekima tunaichukua popote ilipo. Daktari Gary Slutkin alipambana na kifua kikuu na kipindupindu Somalia, kisha akashughulikia UKIMWI, hata hapa Uganda. Aliporudi kwao Chicago, akaona mauaji ya vijana yanaenea kama maradhi: mmoja huzaa la pili, la pili huzaa la tatu. Mwaka 2000 akaanzisha mpango wa kuwaajiri watu wa mitaa ile ile, wengine waliowahi kuwa ndani ya magenge. Mtu akipigwa risasi, wao huwafuata jamaa na rafiki zake hospitalini na nyumbani, hukaa nao mpaka hasira ishuke. Mmoja aliyejulikana sana katika kazi hiyo ni dada yetu Muislamu, Ameena Matthews, binti wa kiongozi wa genge. Vijana walimsikiliza kwa sababu alikotoka walikujua.

Huenda mtu akasema: vijana hawa wamejitakia, wafukuzwe msikitini. Imam Ahmad amepokea habari za kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akaomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamwambia asogee karibu, akamuuliza kama angelipenda jambo hilo kwa mama yake, binti yake, dada yake, kisha akamwekea mkono na kumuombea. Sisi hatumuachi kijana wa maskani asogee. Akiingia msikitini tunatazama viatu vyetu, kisha tunashangaa kwamba genge limempokea.

Basi wenzangu, tukifunga chuo tusirudi nyumbani kula pilau na kulala tu. Naomba jumuiya yetu ikubaliane mambo haya. Kila mmoja wetu achukue kijana mmoja wa mtaani kwao, amsaidie masomo, wacheze mpira, awe na namba yake ya simu. Pakitokea mauaji, watu watatu, akiwemo mzee anayeheshimiwa na mtu aliyewahi kuishi maisha ya maskani, wakae na rafiki za marehemu, si usiku wa kwanza tu. Nao kina dada wakae na mama na dada zake, kwani mara nyingi wao ndio wa kwanza kujua nani ametoka na kisu. Kijana akitoka jela, apewe nafasi kwenye safu na atafutiwe fundi wa kumfunza kazi. Akiwa fukara, fungu lake la zaka limetajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60.

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Nafsi niliyoweza kuiokoa ilikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa. Nimeshatubu kwa Mola wangu, na nimeshawaendea wale sita. Watatu wamekubali kuzungumza nami. Nikifunga chuo narudi kwao, inshaallah.

Ewe Mola, wahurumie waliotangulia, zilainishe nyoyo za walio hai, na utufanye wenye kuwahi kabla ya jeneza. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.