Mtu Mzima Kuchora Kama Mtoto



Sisi tunaoishi Uholanzi tumezoea kukuta katika ukumbi wa ofisi au sebule ya jirani chapa ya mnyama wa rangi kali: paka mwekundu mwenye macho mawili upande mmoja, ndege wa manjano, au kiumbe usichojua kama ni mbwa au farasi. Chini, kwa penseli, pana sahihi ya Karel Appel au ya Corneille. Mgeni kutoka nyumbani akiiona husema, "Hata mwanangu angeweza." Neno hilo tunalichukulia kwa uzito, kwa sababu si suala la ladha tu. Ndani yake mna shutuma: kwamba mtu mzima aliyesoma, akijifanya mtoto, anatudanganya.

Na kweli alisoma. Appel alikuwa katika chuo cha sanaa cha Amsterdam, Rijksakademie, tangu 1940, nchi ikiwa chini ya Wajerumani. Majira ya baridi ya 1944-45 njaa iliua Waholanzi wapatao 20,000. Novemba 1948 yeye, Corneille, Constant, Asger Jorn wa Denmark na Wabelgiji wawili walianzisha kundi huko Paris, wakaliita CoBrA kwa kuunganisha Copenhagen, Brussels na Amsterdam. Jina hilo ni la nyoka pia, swila. Lilidumu miaka 3 tu. Tunavyoelewa sisi, walimwendea mnyama na mtoto kwa kuwa hao hawakushiriki katika vita vile. Ulaya iliyofundisha uchoraji wa ustadi ndiyo hiyo hiyo iliyojenga kambi za mauaji. Kuendelea na ustadi ule kana kwamba hapakutokea kitu, je, huo nao usingekuwa uongo?

Wahandisi tuna udadisi wetu. Appel alipata kusema kwamba yeye anavurugavuruga tu. Lakini lithografia haivurugwi! Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa au bamba la zinki, kisha jiwe hulowanishwa. Wino wenye mafuta hushika palipochorwa na kukataa penye maji. Kwa kawaida kila rangi ina jiwe lake. Paka wa rangi tano hupita mashineni mara tano, na karatasi ikisogea kidogo tu jicho huangukia shavuni (ingawa kwa paka wa Appel huenda asitambue mtu). Hasira ile basi ilipangwa rangi baada ya rangi, fundi akiwa pembeni. Hatuoni kama hilo linaibatilisha. Mama anayeomboleza msibani kwa maneno yenye mpangilio hatumwiti mnafiki.

Tunasita kwa chapa za miaka ya 1970 na baadaye. Njaa ilikuwa imekwisha zamani, wanunuzi walikwisha kumpenda yule paka, na ndege wa Corneille, kwa maoni yetu, wakawa watamu mno. Hapo mgeni wetu ana haki ya kuuliza: huyu anachora kama mtoto kwa sababu gani sasa, kama si kwa kuwa soko limemzoea hivyo? Hata hivyo mwaka peke yake hautoshi kuwa hukumu. Katika wanyama wa sarakasi aliowachapa Appel mwaka 1978 wamo ambao sisi tukiwatazama bado hatutulii.