Haki ya Kuwaamuru Wengine Waende Hatarini

Jeshi ni miongoni mwa taasisi chache ambazo ndani yake binadamu mmoja ana uwezo wa kisheria wa kumwamuru mwenzake aende mahali ambapo huenda asirudi, na kwa sababu hiyo swali la nani anastahili kutoa amri ya namna hiyo ni la kimaadili kabla ya kuwa la kijeshi. Sheria hulijibu kwa kutaja cheo. Maisha ya James Gavin, askari wa miavuli wa Marekani aliyeingia jeshini akiwa kijana aliyeishia darasa la nane na kustaafu akiwa luteni jenerali, yanaelekeza kwenye jibu lingine: cheo humpa mtu sauti ya kuamuru, lakini haki ya kuitumia sauti hiyo hupatikana kwa kubeba sehemu ya hatari ile ile wanayobebeshwa walio chini yake.

Gavin alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1907, akawa yatima tangu utotoni, kisha akalelewa na familia ya mchimba makaa ya mawe katika mji wa Mount Carmel, jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 17, alijiandikisha kuwa askari wa kawaida na kupelekwa Panama, ambako alijisomea mwenyewe hadi akafaulu mtihani wa kuingia West Point, chuo kinachowaandaa maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Alipohitimu mwaka 1929 alikuwa tayari ameonja maisha ya mtu anayepokea amri bila kuulizwa maoni yake, jambo ambalo maofisa wengi wa rika lake hawakuwahi kulipitia.

Mwaka 1941 alijiunga na tawi jipya la askari wa miavuli, yaani wapiganaji wanaorushwa kutoka kwenye ndege ili watue nyuma ya mistari ya adui, na akawa mmoja wa walioandika mwongozo wa kwanza wa mbinu za vikosi hivyo. Kazi hiyo hubadili uhusiano wa kamanda na askari wake. Katika vita vya kawaida jenerali huweza kukaa makao makuu, mbali na mapigano, akisoma ramani, lakini askari wa miavuli wanapotua usiku, wametawanyika na kuzungukwa na adui, hakuna upande wa nyuma ambako mkubwa anaweza kujihifadhi. Ndivyo ilivyokuwa katika Vita vya Pili vya Dunia, kwenye kisiwa cha Sicilia, usiku wa tarehe 9 Julai 1943, wakati Gavin, akiwa kanali, alipoongoza kikosi kilichojumuisha Rejimenti ya 505, chenye askari wapatao 3,400, ambao upepo mkali uliwatawanya mbali na maeneo waliyopangiwa. Yeye mwenyewe alitua mbali na shabaha akiwa na watu wachache, na siku mbili baadaye aliwakusanya aliowapata, wakiwemo wahandisi wa kijeshi, akashikilia nao ukingo wa Biazza dhidi ya Wajerumani waliokuwa na vifaru. Kwa mapigano hayo alipewa nishani ya pili kwa hadhi katika jeshi la Marekani baada ya Medali ya Heshima, na baadaye aliipata nishani hiyo kwa mara ya pili.

Aliruka vitani mara nne, yaani Sicilia na Salerno nchini Italia, Normandy nchini Ufaransa na Nijmegen nchini Uholanzi, na alipokabidhiwa Divisheni ya 82 ya askari wa miavuli mwezi Agosti 1944 alikuwa na umri wa miaka 37 tu. Hata akiwa jenerali aliendelea kubeba bunduki ya kawaida ya askari wa miguu badala ya kutosheka na bastola ya ofisa, na katika divisheni yake ofisa alitarajiwa kuwa wa kwanza kutoka kwenye mlango wa ndege na wa mwisho kwenye foleni ya chakula.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kushiriki hatari humkinga kamanda asikosee. Mwezi Septemba 1944, katika jaribio la Washirika la kuteka madaraja ya Uholanzi ili waingie Ujerumani, Gavin aliumia mgongo alipotua na akaendelea kuongoza, lakini uamuzi wa kuipa miinuko ya Groesbeek kipaumbele kuliko daraja la Nijmegen siku ya kwanza unajadiliwa na wanahistoria hadi leo. Daraja hilo lilitekwa siku tatu baadaye, baada ya askari wake kuvuka mto Waal mchana kweupe kwa mashua za turubai huku wakimiminiwa risasi, na wengi walikufa. Kuruka pamoja nao hakukuufanya uamuzi wake kuwa sahihi, ila kulimzuia asiuone mto ule kama mstari mwembamba wa buluu kwenye ramani.

Mantiki hiyo ya kushiriki mzigo sawasawa ilimwongoza pia katika suala la rangi. Batalioni ya 555, iliyoundwa na askari wa miavuli weusi pamoja na maofisa weusi, ilikuwa imenyimwa nafasi ya kupigana Ulaya na kupelekwa kuzima moto wa misitu magharibi mwa Marekani. Gavin aliiingiza katika gwaride la ushindi la New York la Januari 1946, na mwaka 1947 askari wa batalioni hiyo wakajumuishwa katika Divisheni ya 82, kabla Rais Truman hajatoa amri ya mwaka 1948 ya kukomesha ubaguzi jeshini.

Wakati wa amani ndio uliompima kwa namna ngumu zaidi, kwa kuwa ujasiri wa kukataa haupewi nishani. Mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa maofisa wa jeshi la nchi kavu waliopinga Marekani kuingia vitani Indochina. Mwaka 1958 alistaafu kwa kutoafikiana na sera ya kutegemea mno silaha za nyuklia, ingawa rais aliyeisimamia, Dwight Eisenhower, alikuwa mkuu wake wa zamani vitani. Mwaka 1966 alijitokeza mbele ya kamati ya Seneti kupinga kupanuliwa kwa vita vya Vietnam, wakati ambapo maneno hayo yalimfanya mtu aonekane mwoga, shutuma ambayo kwake haikuweza kushika.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na methali hiyo inawagusa pia mkuu wa idara anayetangaza kubana matumizi bila kugusa marupurupu yake, na kiongozi anayedai subira kwa wananchi ilhali yeye hasubiri chochote. Watu hawamdai mkubwa asikosee kamwe, kwa maana wanajua kwamba kila aamuaye hukosea. Wanachomdai ni sehemu yake ya gharama, na aliyeilipa ndiye mwenye haki ya kusema twendeni, kama alivyo na haki ya kusema safari hii tusiende.