Akiba Haiozi, Lakini Imetoka kwa Nani?



Septemba iliyopita, mvua za vuli zilipoanza kushuka kutoka upande wa Mlima Elgon, wenzangu wanne walinichagua kuwa mweka hazina wa nyumba yetu. Tunaishi watano katika nyumba ya kupanga hapa Mbale: Wakenya wawili, Mrundi mmoja, mwenzetu mmoja kutoka Kivu, na mimi mtu wa Ujiji. Kila mmoja hutoa shilingi 60,000 za Uganda kwa mwezi kwa ajili ya chakula na mkaa. Mwaka uliotangulia pesa zilikuwa zinaisha tarehe 20, na siku kumi za mwisho tunaishi kwa chapati na deni la dukani. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza insha juu ya israfu. Nikaona sasa nimepata mahali pa kuitumia elimu yangu.

Nilinunua daftari. Nikaanza na mkaa, kwa sababu vuli ndiyo majira magumu kwa anayepikia mkaa: barabara za vijijini zinakuwa tope, gunia linafika limelowa, na bei inapanda. Maharage tukawa tunayaloweka usiku kucha ili yaive upesi. Tukapika mara moja kwa milo miwili. Unga wa posho nikaupima kwa kikombe, wala si kwa macho. Sukari nikaiweka chumbani kwangu. Na tukapitisha sheria moja, watu wote watano tukiwa tumekaa mkekani: asiyetoa mchango hadi tarehe 5, hapikiwi.

Mambo yakanyooka. Septemba ilibaki shilingi 28,000, Oktoba ikabaki 31,000. Jumla 59,000 ndani ya bahasha ya kaki chini ya godoro langu. Wenzangu wakanisifu. Jirani zetu wakaja kuuliza tunafanyaje. Nakiri kwamba nilianza kuipenda ile bahasha.

Novemba ilipoingia, mwenzetu wa Kivu alinifuata mapema akaniambia, "Kaka, mwezi huu msinihesabu, ninafunga. Nitakuwa nafuturu msikitini." Tulimjua kuwa mtu wa sunna ya Jumatatu na Alhamisi, basi hatukushangaa sana. Tukamwombea Mwenyezi Mungu amkubalie. Mimi moyoni nilifurahi kwa sababu nyingine: nina mtu mmoja wa kupunguza kwenye kikombe cha unga, na hakuna wa kumdai. Hata nilimtolea mfano mbele ya wengine, kwamba angalieni, mtu akimcha Mungu hata gharama zinapungua.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, mwalimu wetu hakuja darasani na mvua ilikuwa inanyesha. Nilirudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Nilimkuta jikoni nyuma ya nyumba, amechuchumaa, anakwangua ukoko wa posho ya jana kwa kijiko, sufuria ikiwa bado haijaoshwa. Alishtuka. Akasema, "Leo nimefungua, tumbo lilikuwa linaniuma." Sikusema kitu. Nilipita chumbani kwangu nikakaa kitandani, juu ya ile bahasha.

Usiku nilimwita nje tukazungumza. Duka la baba yake lilikuwa limefungwa kwa sababu ya vita, na tangu katikati ya Oktoba hakuna kilichotumwa. Siku nyingi alifunga kweli. Siku nyingine alishindwa. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Sheria ni yetu sote, na mimi pia niliikubali. Sikutaka uanze kunitafutia upenyo."

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitafakari ni hili. Je, kubana matumizi ni fadhila? Tumezoea kujibu ndiyo bila kufikiri. Wazee wetu wanasema akiba haiozi, na haba na haba hujaza kibaba. Lakini mimi nilibana matumizi kwa amana kamili. Sikuiba hata shilingi moja, na hesabu yangu ilikuwa safi. Pamoja na hayo, mtu alikuwa anakula ukoko kwa siri katika nyumba yenye akiba. Kosa lilikuwa wapi?

Kwanza, kosa halikuwa katika kuweka akiba. Wapo wanaodhani kupanga matumizi ni upungufu wa tawakkul, na hilo si kweli. Katika Surat Yusuf, aya ya 47 na 48, Nabii Yusuf (a.s.) anawapangia watu wa Misri kilimo cha miaka saba, na nafaka iachwe ndani ya masuke yake isipokuwa kidogo cha kuliwa, ili iwafae katika miaka saba ya ukame. Na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Qur'ani katika Surat al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wa Rahmani kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala hawafanyi uchoyo, bali wanakaa katikati.

Hapo kwenye "katikati" ndipo nilipokosea. Niliifikiria katikati kama hesabu: ukitumia 300,000 umezidisha, ukitumia 200,000 umepunguza, basi 270,000 ndiyo kati na kati. Kumbe katikati haipimwi kwa pesa peke yake. Imam al-Ghazali, katika sehemu ya Ihya inayokemea ubahili, anaeleza kwamba kuna mambo mawili yanayompasa mwenye mali kutoa: yale yanayowajibishwa na sharia, na yale yanayotakiwa na murua, yaani utu na heshima ya mtu kati ya wenzake. Mwenye kuzuia lolote katika hayo ni bahili. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kutoa zaka yake yote kwa hesabu sahihi akabaki bahili, kwa kumbana mtu asiyestahili kubanwa.

Hapo nikakumbuka kisa cha Hind bint Utba (r.a.), mke wa Abu Sufyan, ambacho tumekisoma darasani mara nyingi katika mlango wa nafaka ya mke. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamshtakia kuwa mumewe ni mtu mwenye kubana mkono, hampi kinachomtosha yeye na watoto wake. Mtume (s.a.w.) akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake, kwa wema. Sisi darasani tulikuwa tunabishana kuhusu hukumu: je, ni fatwa au ni uamuzi wa kadhi? Baada ya ile Jumatano nilikiona kisa kwa jicho jingine. Mwenye kushika mfuko wa nyumba ana uwezo wa kuweka akiba kutoka tumboni mwa mtu mwingine. Anaweza kuliita jambo hilo uangalifu, na daftari lake likamuunga mkono. Sharia haikuangalia daftari la Abu Sufyan. Ilimsikiliza anayebanwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kubana matumizi ni fadhila pale anayebana ndiye anayebanwa. Mtu akijinyima mwenyewe kwa hiari yake, huyo ana zuhudi au ana subira. Akiwanyima wengine walio chini ya mkono wake, hata kwa shilingi mia, inambidi aulize upya jina la anachokifanya. Sayyidna Umar (r.a.) anatupa mfano wa kiongozi katika mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 Hijria, ukame ulipowapata watu wa Hijazi. Inasimuliwa kwamba alijizuia samli hadi watu wa kawaida wawe na uwezo wa kuila, akala mkate kwa mafuta mpaka rangi yake ikabadilika. Alianza na tumbo lake. Mimi nilianza na kikombe cha unga cha watu wote, na sukari ikawa chumbani kwangu.

Mmoja wa wenzangu wa Kenya hakukubaliana nami, na hoja yake si nyepesi. Alisema: "Usiifanye sheria kuwa mbaya kwa sababu ya mtu mmoja. Mwaka jana tulikuwa na mtu hapa ana simu mpya, hatoi mchango, na anakula wa kwanza. Ndiyo maana tukaweka sheria. Ukiilegeza, wote tutakuwa tumefunga saumu ya Novemba." Ni kweli. Pesa za wenzangu ni amana mkononi mwangu, na kumlisha mvivu kwa jasho la mzazi wa mtu mwingine si ukarimu.

Lakini dini yetu imeshatenganisha watu hawa wawili. Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa kuchelewesha malipo kwa mtu mwenye uwezo ni dhulma. Na Surat al-Baqara, aya ya 280, inaamrisha kuwa mdaiwa aliye katika dhiki asubiriwe hadi apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Mmoja anaweza na hataki, mwingine anataka na hawezi. Sheria yetu ya tarehe 5 iliwatia wote wawili katika kapu moja, kwa sababu ilikuwa rahisi kuiandika.

Mtu atauliza: nitawajuaje? Wote wawili wanasema hawana. Hapa kuna jambo lililonichoma zaidi. Katika sura hiyohiyo, aya ya 273, Mwenyezi Mungu anawataja mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia kuomba, na anasema wanatambulikana kwa alama zao. Aya hiyo nimeihifadhi. Na niliishi nyumba moja na mtu wa namna hiyo karibu wiki tatu, nikamdhani ni mwenye ibada nyingi. Alama zilikuwepo: aliacha kununua vocha, alikonda, na alikuwa wa kwanza kujitolea kuosha sufuria. Sikuziona kwa sababu nilikuwa natazama daftari. Mvivu wa mwaka jana tulimjua ndani ya wiki moja, maana alitugusa mfukoni. Huyu hakutugusa popote.

Nadhani ndiyo hatari ya kubana matumizi kwa watu wema. Mtu mbadhirifu anajua anapoteza. Mtu mwangalifu anaona kila anachokizuia ni faida, na hana kitu cha kumwamsha. Ile 59,000 ilikuwa pungufu ya 1,000 tu kufikia mchango wa mwenzetu wa mwezi mzima. Tena ukiigawa kwa watano, shilingi 11,800 ndani yake zilikuwa zake mwenyewe, za Septemba na Oktoba alizotoa kwa wakati. Alikuwa na njaa na akiba yake iko chini ya godoro langu.

Tulikaa tena mkekani, mara hii bila kutaja jina la mtu, ingawa nadhani wote walielewa. Mchango umebaki 60,000 na tarehe 5 imebaki. Maharage bado tunayaloweka. Sukari imerudi jikoni. Tulichobadilisha ni viwili. Asiyeweza kutoa anamwambia mtu mmoja tu, na huyo mmoja haulizwi na wengine. Na kazi ya kwanza ya bahasha ni kumfunika huyo, kabla ya gunia la mkaa na kabla ya karamu ya mwisho wa muhula. Tuliichukua kwa Ash'ariyyun, watu wa Abu Musa (r.a.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba walipopungukiwa chakula safarini au chakula cha familia zao kilipokuwa kidogo Madina, walikusanya walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa wao ni katika yeye, naye ni katika wao. Hao nao walipima. Walikuwa na kipimo kama kikombe changu, ila kilipitia kwa kila mtu.

Limebaki jambo moja ambalo sijalitatua. Januari baba yake alipata cha kutuma, na mwenzetu akaniletea 60,000 ya Novemba. Nilimwambia haidaiwi, tulishaisamehe. Akakataa. Akasema, "Ichukue, kaka, ili nikae hapa kama nyinyi." Nikaichukua, nikaiandika daftarini. Mwenzetu wa Burundi anaona nilifanya vizuri, kwa sababu nilimlindia heshima yake. Mimi kuna siku naona hivyo, na kuna siku naona nimemtoza mtu bei ya njaa aliyoila kwetu. Mwenye rai anikute msikitini baada ya swala ya alasiri, tuzungumze.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.