Reli Iliyoishia Pakwach

Arua haijawahi kuona stesheni. Reli ilianza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901 na Kampala 1931. Tawi la kaskazini liliingia Soroti 1929, likakaa hapo zaidi ya miaka 30, ndipo likasogea Lira, Gulu na mwishowe Pakwach mwaka 1964. Uganda ilikuwa imeshapata uhuru.

Kote ilikopita, pamba ilipata njia rahisi ya kufika pwani. Stesheni nazo zilitaka makarani na mafundi. Kijana aliyesoma madarasa machache akapata mshahara, akawasomesha wadogo zake. West Nile, eneo ilipo Arua, iliyoingizwa Uganda mwaka 1914 ikitoka upande wa Sudan, ilikuwa mbali na hayo yote. Zao lingesafiri kwa gari na kwa meli za Ziwa Albert kabla ya kuiona reli. Basi waliosafiri ni watu. Walugbara na Waaluri walishuka kwa maelfu kukata miwa Kakira na Lugazi. Wengine wakaingia jeshi la King's African Rifles, wakarudi Koboko na Arua wakiwa na Kiswahili chao.

Hapo ndipo moyo wangu unapokwama. Wakoloni walieneza maneno kwamba watu wa huku wameumbwa kwa jembe na bunduki, na wapo wanaoyarudia hadi leo. Walichokiita tabia ya kabila kilikuwa umbali kutoka stesheni. Mtoto wa Arua hakuzaliwa na akili pungufu kuliko wa Jinja.

Sisemi reli ilikuwa neema tupu. Vibarua wapatao 2,500 walioletwa kutoka India walikufa wakiijenga ile ya kwanza, na jamii nyingi zilipoteza ardhi. Lakini kuachwa nje, kisha ukalaumiwa kwa sababu uko nje, ni dhuluma ya aina yake.

Arua ilitangazwa jiji mwaka 2020. Malori ya mizigo yanapita hapa kuelekea Kongo, na Koboko kuelekea Sudan Kusini. Reli ya Tororo hadi Gulu inakarabatiwa. Wapanga mipango hupima tani za mizigo iliyopo, ndipo waamue reli ifike wapi. Nawaomba wapime pia ile ambayo haikuwahi kulimwa, kwa kuwa mkulima alijua haitatoka shambani.