Nukta Nne

Ukiwa kwenye AutoCAD ukaandika amri ya UNITS, unachagua aina ya vipimo na desimali ngapi zionekane. Ukiweka sifuri, mstari wa milimita 3000.4 utausoma 3000. Ila mstari wenyewe haujapungua. Faili bado linaijua ile nukta nne. Rudisha desimali, utaiona tena.

Je, kukadiria ni kudanganya? Mchoraji atakwambia hapana, na kwake ni kweli. Wasiwasi wangu ni kwenye kazi yangu mimi. Niliwahi kuandika "watu 300 wamehamishwa" wakati daftari langu lilikuwa na 304. Msomaji hana pa kurudisha desimali. Alichokisoma gazetini ndicho faili lake. Na wale wanne wana majina. Siku hizi naandika 304, hata mhariri akinuna.